Kahawa ya Jaws Corner, kwa wenye akili isiyotulia

Kabla hujalipia programu ya simu ikufundishe kuvuta pumzi, nenda kwanza Jaws Corner, Mji Mkongwe, Unguja. Fika baada ya alasiri, keti barazani, agiza kahawa.

Ni kahawa chungu, haina maziwa. Utamu utautafuta kwenye kashata. Kikombe ni kidogo, hakina mkono, kimejaa pomoni na kinaunguza. Ukiwa nacho, simu haishikiki. Utakikamata ukingoni kwa vidole viwili, upulize, unywe funda dogo, usikie tangawizi ikishuka kooni. Ukiwaza deni la kesho unajimwagia, basi. Pembeni wazee wanacheza dhumna, na kete ikipigwa mezani akili iliyokuwa imezurura inarudi mbio. Kwangu mimi kengele za kutafakari hazioni ndani.

Siku ya mpira usiende kutafuta utulivu, kelele zake si mchezo. Wanawake wenzangu, wanaume ndio wengi pale, lakini tukienda wawili watatu hutusogezea nafasi bila maneno. Bebeni chenji, noti kubwa inamsumbua muuza kahawa.