Fundi wa palmeri nyuma ya soko la Kenya, Lubumbashi: ghali, ila hafichi kitu

Niseme mapema: huyu Mzee si wa bei poa, na hana haraka. Kurekebisha palmeri moja (mikromita, chombo cha skrubu cha kupimia unene) ni dola 15, pie a kulisi (kalipa, ile ya midomo inayoteleza) dola 8, na ukimpelekea Ijumaa usiote kuipata Jumamosi. Kibao nje hana. Ukifika nyuma ya soko uliza “Mzee wa vipimo”, watoto watakupeleka. Hata hivyo vyombo vya kupimia vya atelye (karakana) yetu ya Kampemba sasa vinapita mikononi mwake.

Sisi tunakereza shafti za pampu, nyingi zinatoka migodini. Kiti cha beringi, yaani pale beringi inapokaa kwenye shafti, cha milimeta 40, plani (mchoro) ikidai k6, alama ya ukubwa unaoruhusiwa, kinatakiwa kizidi 40 kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimeta) 2 kwa uchache na 18 kwa wingi. Palmeri ikidanganya santiemu (sehemu ya mia ya milimeta) mbili tu, beringi ama itazunguka juu ya shafti, ama itaingia kwa kubanwa mno na kufa mapema. Na mteja akirudi, halaumu palmeri.

Palmeri yetu ya milimeta 25 hadi 50 ilikuwa imeshapitia kwa fundi mwingine wa mjini, simtaji. Huyo alitia ufunguo wa ndoana kwenye kile kitundu cha bomba lenye mistari, akalizungusha mpaka sifuri ikakaa sawa juu ya kipande cha kupimia cha milimeta 25, akapokea pesa yake. Kazi ya dakika mbili. Sifuri ilikuwa sifuri kweli.

Mzee huanzia pale mwenzake alipoishia. Anafuta nyuso mbili za kubana, anatoa kisanduku cha kale-etaloni, vile vibamba vya chuma vyenye unene kamili unaojulikana, alivyobuni Msweden Johansson mwaka 1896, anasuguanisha viwili mpaka vinashikana vyenyewe bila gundi, na anaanza kupima: 27.5, halafu 30.1, halafu 32.7, 35.3, 37.9, 40, hivyo hivyo hadi 50. Kila mara anafunga kwa kile kitasa cha nyuma kinacholia kre-kre, kamwe si kwa nguvu ya vidole. Nikamuuliza, Mzee, mbona namba za ajabu hivi, si upime 30, 35, 40?

“Mwanangu, skrubu hii inakwenda nusu milimeta kwa kila mzunguko. Ukipima 30, 35, 40, ngoma hii ya kuzungusha inasimama kwenye sifuri ileile kila safari. Skrubu ikiwa na kasoro katikati ya mzunguko, utaionea wapi?”

Kwenye 40 ilikosea santiemu moja na nusu. Bila shaka ni kwa sababu viti vyetu vingi ni vya 40, na skrubu imelika palepale inapofanyia kazi kila siku. Niliomba akaze nati ya ndani inayobana skrubu. Akakaza kidogo, akanipa nizungushe mwenyewe: katikati laini, kule mwisho inakwama. Akailegeza tena, akasema hii ibaki kwa kazi ya kukwangua mwanzoni, ya kumalizia nunua nyingine. Akachukua dola 5 za kukagua tu. Angeweza kunitoza 15 na nisingejua.

Kuhusu joto ni mkali kuliko mwalimu. Vipimo duniani vinahesabiwa kwa digrii 20. Chuma cha milimeta 100 kikiwa na digrii 30 kimeshazidi santiemu moja. Mwezi wa Kumi chini ya mabati ya Lubumbashi, hizo 20 hakuna wa kukupa. Kwa hiyo chombo chako kinalala usiku kucha juu ya sahani yake nene ya chuma, pamoja na vibamba, vyote vipate joto moja. Ndiyo maana anachelewesha. Nilipoelewa hilo nikaacha kunung'unika.

Pie a kulisi anaifanya haraka: skrubu mbili ndogo za mgongoni zikazwe mpaka mwisho, zirudishwe kama sehemu ya nane ya mzunguko, kisha midomo ifungwe na kutazamwa kwenye mwanga. Komparatere (saa ya kupimia yenye mshale na kijiti) anaisafisha kwa alkoli na kitambaa kikavu. Ukimwambia aitie mafuta kwenye kijiti chake atakufukuza. Mafuta yanashika vumbi, kijiti kinaganda. Vyombo vya batri hagusi.

Sasa kasoro. Hatoi cheti. Alikaa chumba cha vipimo cha Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mpaka 2003, mwaka ule wengi walipoondoka kwa hiari, na mkono wake naamini, lakini karatasi anayokuandikia kwa kalamu haitapokelewa na wakaguzi wa kampuni kubwa za migodi. Vibamba vyake vinaishia 100, basi palmeri kubwa peleka kwingine. Na nilipomuuliza vibamba vyenyewe vilipimwa lini, alinionyesha karatasi ya kiwanda iliyokuwa imepauka. Ana kisanduku cha pili ambacho hakitumii ila kulinganishia cha kwanza, jambo zuri, lakini halimalizi swali langu.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme hana habari, kazi yake ni mwanga wa dirishani. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, na usafishe chombo chako kabla ya kwenda: kikiwa na grisi anaongeza franka, na maneno juu yake.