Daktari aliyemwokoa Pili wangu

Paka wangu Pili alikuwa na miezi tisa tumbo lilipomvimba kama ngoma, mgongo umebaki mifupa mitupu. Kliniki ya kwanza walimpa dawa ya minyoo mara mbili. Wiki mbili zikapotea, na hilo bado linaniuma.

Daktari wa pili, hapa Mombasa, alimpapasa, akamchoma sindano tumboni na kuvuta maji ya manjano, mazito, yanayovutika kama ute wa yai. Akaniita nione mwenyewe: maji safi yenye tone la siki, kisha akadondosha tone la yale ya tumboni. Halikuyeyuka. Lilishuka taratibu, zima. “Naona ni FIP, mama,” akasema. “Ni virusi vya korona vya paka vilivyogeuka. Binadamu havimpati.” Hakuishia hapo, akapima na damu.

Dawa ni GS-441524, siku 84 bila kuruka hata moja, na dozi huongezwa kadiri uzito unavyopanda. Bei ni kali, sifichi, na foleni ya Jumamosi inachosha. Lakini kila nilipompigia usiku alipokea. Siku ya nne Pili alikula dagaa mwenyewe, nikalia. Leo ana kilo 3.4.