Fundi umeme aliyeniambia jirani anakaanga samaki

Nilishasema sitaandika. Mume wangu naye kasema niyaache, yameisha. Lakini juzi mpangaji mwenzangu kaniomba namba ya yule fundi, damu ikanichemka upya.

Ilikuwa kipindi kile cha joto kali, kabla ya mvua. Jikoni kukaanza harufu, kama ya samaki aliyeanza kuharibika. Nikasugua sinki, nikamwaga taka, nikatoa kila kitu kwenye friji. Harufu ipo. Inakuja jioni, asubuhi hakuna. Na breka ya meni swichi ikawa inashuka kila nikiwasha jiko la plate, birika na pasi kwa pamoja. Friji nalo ukilishika kwa mkono wenye maji linakupiga kidogo, vidole vinakufa ganzi.

Nikampigia fundi. Hapo nimpe haki yake: alifika ndani ya nusu saa, na hapa Dar unajua fundi akisema "niko njiani" ndiyo kwanza anaoga. Akakaza waya za taa ya sebuleni iliyokuwa inapepesa, ikatulia mpaka leo. Safi.

Tukaingia jikoni. Namweleza habari ya harufu, yeye anachezea simu. Akatoa testa, akaichomeka kwenye soketi, kitaa kikawaka. "Umeme upo, mama. Hiyo harufu jirani anakaanga samaki." Akacheka! Nikamwambia kaka, hebu fungua hiyo soketi, ina moto, weka mkono uone. Akasema soketi zote huwa na moto, umeme ni moto. Na friji je? "Ukilishika vaa kandambili."

Kandambili!

Halafu breka. Akaing'oa iliyokuwepo ya ampea 20, akafunga ya 32. "Haitashuka tena." Akachukua elfu thelathini yake, breka nimenunua mwenyewe, akaondoka. Na kweli haikushuka. Mimi mjinga nikafurahi, nikamsifia mpaka kwa mama mkwe.

Wiki mbili tatu hivi, samaki akarudi, safari hii mchana. Nikaona uso wa soketi, uliokuwa mweupe, umekuwa rangi ya chai ya maziwa kuzunguka tundu moja. Ukisogeza sikio unasikia kitu kinatatarika, taratibu. Nikazima meni swichi, mikono inatetemeka.

Fundi wa pili ni mzee, kaletwa na baba mwenye nyumba. Mzee huyu kwanza alihakikisha umeme umezimwa, akajaribu tena kwa mashine yake, ndipo akafungua. Akaniita, "Njoo uone, mwanangu." Skrubu ya waya imelegea, unaizungusha kwa kidole. Ganda la waya limekuwa jeusi, akiliminya linapukutika kama ganda la karanga. Ile plastiki ya soketi ikiungua ndiyo inatoa harufu ya samaki. Jirani wa watu kasingiziwa bure! Na waya wa ethi, ule wa njano na kijani unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekunjwa nyuma, haukuunganishwa popote. Ndiyo maana friji lilikuwa linanipiga.

Kisha akaangalia breka. "Nani kafunga hii?" Nikanyamaza. Akasema waya wa ukutani ni wa unene wa 2.5 (milimita za mraba), na breka kazi yake ni kuulinda waya. Ukiweka kubwa, waya utachemka ndani ya ukuta na breka imekaa tu inautazama. Karudisha ya 20.

Nilitaka kumpa yule wa kwanza nyota moja. Ila mzee alifungua na plagi ya ekstensheni yangu: ndani hakuna fyuzi, kuna kipande cha waya. Na juu yake nilikuwa nachomeka jiko na birika, kila kimoja wati 2000, wakati soketi moja mwisho wake kama 3000 hivi. Mzee akanitazama. "Ulitaka kuoka mkate ukutani?" Hakucheka. Kwa hiyo soketi nimeiunguza mimi, na ethi aliiacha aliyejenga. Nyota mbili basi, kwa ajili ya taa ya sebuleni.

Lakini hapana. Alikuwa na bisibisi mkononi. Skrubu mbili tu afungue, aone. Watoto wangu wanalala chumba cha upande wa pili wa ukuta ule ule, kitanda kimegusa pale pale. Halafu unaniambia kandambili?

Moja. Na hiyo moja ni ya kuwahi kufika.

Ile breka ya 32 aliyoifunga ninayo kwenye droo. Akiitaka aje aichukue, ila aje na pua yake.