BleachBit kwenye kompyuta yangu kuukuu: taka ziliondoka, kasi ilitoka kwingine

Kompyuta ninayopigia chapa hapa Kondele, Kisumu, niliinunua mtumba: HP ya mezani, RAM GB 4, diski ya GB 500, ile ya kuzunguka. Ilifika mahali naiwasha asubuhi, naenda kununua chai na mandazi, narudi bado inajikongoja. Mzee mmoja aliyeleta fomu ya basari aliniangalia nikihangaika na kipanya, akasema, "Nyathina (mwanangu), hiyo mashine si uiache ipumzike?"

Fundi wa jirani alitaka kufuta kila kitu aweke Windows upya. Nikaona nianze na cha bure. Nilichagua BleachBit, programu ya kufagia faili taka, kwa kuwa ni programu huria na haina toleo la kulipia la kukubembeleza kila saa. CCleaner, nyingine ya kazi hiyo hiyo, niliiogopa tangu niliposoma kwamba mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza programu hasidi ndani ya toleo lake la 5.33.

Kuitumia si kazi. Unatia tiki unachotaka kiondoke, kisha unaiagiza ikuonyeshe kwanza kitakachofutwa. Yangu ilionyesha GB 11, nyingi zikiwa mabaki ya Chrome. Sehemu ya C, iliyokuwa imebakiwa na GB 2, ikapata nafasi ya kupumua.

Makosa mawili niliyafanya mwenyewe. La kwanza, nilitia tiki kwenye nywila. Onyo lilitokea, nami nikabonyeza sawa bila kusoma, kama tunavyofanya sote. Nywila ya barua pepe yangu ya kazi ikaenda. Lakini nilipochungulia orodha ya nywila ndani ya Chrome kabla sijafuta, niliona kumbe wateja wangu kadhaa walikuwa wameacha zao humo, za iTax na eCitizen, tovuti za kodi na za huduma za serikali! Hizo afadhali zilipotea. La pili, nilichagua kufuta nafasi tupu nikidhani ndiyo dawa ya kasi. Kazi hiyo huandika upya sehemu zisizo na faili ili vilivyofutwa visifufuliwe. Inafaa ukitaka kuuza mashine. Nilianza saa tatu usiku, saa sita ilikuwa bado, stima ikapotea.

Sasa kasi. Kabla, kuwaka hadi kufungua Word kulichukua dakika 6. Baada ya BleachBit, dakika 5 na nusu. Basi! Nafuu ya kweli niliipata bila kupakua chochote: Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, sehemu ya programu zinazojiwasha. Nilikuta kumi na nne, zikiwemo za printa niliyoigawa zamani. Nilizima kumi na moja, nikabaki na dakika 2 na nusu. Kusafisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, sikugusa, na BleachBit si ya kazi hiyo hasa. Hao wanaokuahidi kasi kwa kufagia rejista wapuuze.

Ningeipa nyota nne kwa kufagia, mbili kwa kasi. Diski inapozunguka bado naisikia ikikwaruza nikifungua faili kubwa, kwa hiyo natafuta SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240. Na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, na mashine hii haikubaliwi kwenye 11, nimeiweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, kwenye flashi. Nitaijaribu Jumapili, ikiwa printa itakubali.