HackBGRT: logo nimebadilisha, BIOS sijaigusa

Mimi nina steshenari, nilitaka kompyuta ya kaunta ikiwashwa itoe logo ya duka badala ya logo ya kiwanda, basi. Fundi mmoja akasema lete tuflashi BIOS (yaani kuandika upya ile programu ya kwenye mazabodi inayoiwasha kompyuta), nikamwambia hapana asante, yaani umeme ukatike katikati mazabodi ife kisa picha?

Nikachukua HackBGRT, programu ya kubadilisha logo ya kuwashia Windows, ni ya bure, na kilichonivutia ni kwamba haiflashi chipu ya BIOS, inaweka mafaili yake kwenye ile patisheni ndogo ya EFI kwenye diski (kisehemu chenye mafaili ya kuwashia) halafu kila ukiwasha inawahi kubadilisha picha kabla Windows haijaanza, kwahiyo ukiichoka unaitoa tu na mambo yanarudi kama zamani.

Ila kabla hujagusa chochote cheki BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski!! Windows 11 nyingi zinafunga diski zenyewe hata hujui, ukichezea mambo ya kuwasha inaweza kukudai namba ya kuifungulia, ya tarakimu 48. Ingia akaunti yako ya Microsoft uinakili kwenye karatasi (sio kwenye kompyuta hiyohiyo jamani) na BitLocker uisitishe kwanza.

Picha iwe BMP ya biti 24, setap yenyewe inakufungulia Paint, unabandika unasevu. Weka bakgraundi nyeusi, maana skrini ya kuwakia ni nyeusi na logo yenye kiboksi cheupe inakaa kama stika ya daladala 😂

Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotambulika wakati wa kuwasha) sikuizima, toleo la 2 halilazimishi, ila ukirestati mara ya kwanza inakuja skrini ya bluu imeandika "Verification failed", usipaniki, chagua Enroll key from disk, tafuta certificate.cer kwenye folda ya HackBGRT, kubali, restati. Hapa ndo wengi wanakimbia.

Wanaosema bora ile sehemu ya logo ya kwenye BIOS yenyewe, sawa, baadhi ya ThinkPad wanayo na inafanya kazi, ila mwisho wa 2023 Binarly, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha udhaifu unaoitwa LogoFAIL, picha ya logo inaweza kubeba virusi vinavyoingia kabla hata ya Windows, kwahiyo ukiamua kutumia hiyo apdeti BIOS yako kwanza.

Kinachonikera ni viwili, logo ya kiwanda bado inachungulia kidogo mwanzoni kabla ya yangu, na apdeti kubwa za Windows zinaweza kuifuta ikabidi urudie setap. Nyota nne.