Huduma ya dharura kwa mbwa aliyekula kiporo cha pilau: tathmini ya kliniki moja ya mifugo Dar es Salaam

Kliniki hii ndogo ya mifugo, iliyoko Kinondoni, naipendekeza kwa kila anayefuga mbwa, hasa kwa jinsi daktari wake anavyouliza maswali kabla ya kushika sindano. Mbwa wetu alikula kiporo cha pilau kilichotupwa nyuma ya nyumba ya jirani baada ya shughuli, kikiwa kimekwisha kuchacha, chenye vitunguu maji, vitunguu saumu, mafuta mengi na mifupa ya kuku, na usiku akaanza kutapika.

Kwenye simu daktari alitaka kujua mbwa amekula nini, kiasi gani, tangu saa ngapi, ana uzito gani, na kama tumeshampa dawa yoyote. Alitukataza kabisa kumnywesha maji ya chumvi, ambayo watu wengi huyakimbilia, kwa kuwa chumvi ikizidi ni sumu kwa mbwa. Maziwa na mafuta ya kula nayo aliyakataa, kwani hayaondoi sumu, na mafuta yakiongezwa juu ya mafuta kongosho linaweza kuvimba. Kumtapisha mbwa, alieleza, ni kazi ya daktari, hufaa zaidi katika saa mbili hivi za mwanzo, na pakiwa na mifupa ni hatari, maana vipande vyenye ncha huweza kuchana koo vinaporudi.

Tulipofika alimfunua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole na kutazama rangi inavyorudi, kisha akaivuta ngozi ya shingoni, nayo ikakawia kulala, dalili kwamba amepungukiwa maji mwilini. Alimwekea dripu na kumchoma sindano ya kuzuia kutapika. Aliuliza pia kuhusu unga tunaompikia ugali, swali ambalo sikulitarajia lakini ni la msingi: unga ulioota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa na haiondoki kwa kupikwa.

Kilichonifanya niandike haya ni ufuatiliaji wao. Kitunguu, kiwe kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu, na madhara yake mara nyingi huonekana siku kadhaa baadaye, wakati mwenye mbwa ameshaamini kwamba mambo yamekwisha. Kwa hiyo tulielekezwa kuangalia kama fizi zinapauka, kama mkojo unageuka mwekundu au wa kahawia, na kama mbwa anahema haraka au anachoka upesi. Kisha tukaitwa tena kwa kipimo cha damu, ingawa alikuwa ameshaanza kula wali mweupe na kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala ngozi. Damu ilikuwa salama.

Kasoro zipo. Hawana mashine ya eksirei, hivyo tulilazimika kumpeleka kwingine usiku uleule kuhakikisha hakuna mfupa ulionasa, na bei hazijabandikwa mahali popote, jambo linalomtia mtu wasiwasi wakati hana nafasi ya kuulizana. Usiku yuko daktari mmoja tu, basi pigeni simu kabla ya kuondoka nyumbani, na mbebe mabaki ya chakula chenyewe kwenye mfuko, kwa sababu atayaomba.