Elfu mbili kwa mwezi: walinzi wa usiku wa mtaa wetu, Mbagala

Huduma: ulinzi shirikishi wa usiku, mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam. Bei: shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi, maduka na vibanda vya kutuma pesa 5,000. Muda: saa nne usiku mpaka adhana ya alfajiri. Alama ninazotoa: nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nitaeleza imebaki wapi.

Mimi ni mpika vitumbua. Saa tisa usiku, wenzangu wakiwa kwenye usingizi mtamu, niko uani nawasha jiko la mkaa, maana makonda na wabeba mizigo wanataka kitumbua cha moto ikifika saa kumi na moja. Kwa hiyo habari za ulinzi wa usiku sihitaji kusimuliwa. Naujua kwa sauti: filimbi moja fupi kwenye kona ya msikiti, nyingine ikijibu kutoka upande wa bondeni, halafu nasikia miguu kwenye mchanga nyuma ya ukuta wangu na mtu anasema, "Shikamoo mama, uko salama?" Najibu, "Marahaba wanangu, niko salama." Wanapita. Maneno hayo machache ndiyo yananiwezesha kukaa na moto wangu na chenji yangu kiunoni bila kugeuka nyuma kila dakika.

Haikuwa hivi siku zote. Septemba 2022, yale makundi ya Panya Road yalipokuwa yakivamia watu majumbani na mapanga hapa jijini, wengi wetu wa biashara za alfajiri tulisimama. Nikawa naanza kupika kukishapambazuka, nafika kituoni wateja wameshapita, unga uliobaki nawapa watoto wa jirani. Mkutano wa mtaa ulioitishwa kipindi kile ulijaa mpaka watu wakakalia matofali. Vijana wakajiandikisha hapo hapo, wakiwemo wale tuliozoea kuwatazama kwa jicho baya pale kijiweni. Wapo madereva wa bodaboda, yupo fundi wa kuchomelea mageti, na kamanda wao ni mzee mmoja aliyepitia mgambo. Wanapata posho kutokana na mchango wetu, lakini ukiigawa kwa usiku wanaokesha, haitoshi hata nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi. Kwangu mimi hao ni watu wanaojitolea, na posho ile ni ya sabuni.

Nina sababu nyingine ya kuwafuatilia kwa karibu. Kwetu ni Kahama, na huko Unyamwezini na Usukumani ndiko sungusungu, wale wanakijiji waliojipanga kujilinda wenyewe, walikoanzia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakiwa mbali. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa wakatambuliwa rasmi. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani akawahimiza mijini, kisha kuanzia 2006, wakati Said Mwema akiwa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), ndipo tukaanza kusikia habari za polisi jamii na huu ulinzi shirikishi. Baba alikuwa akijivunia kazi ile, na alikuwa na haki. Lakini sungusungu wa zamani waliumiza watu pia. Kuna bibi zetu waliosingiziwa uchawi wakafukuzwa vijijini, wengine wakapoteza maisha. Ndiyo maana ninapowasifu hawa wa Mbagala, nawasifu nikiwa nimewaangalia vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Mtu asiyekaa huku akisikia ulinzi anafikiria mwizi tu. Wezi wapo, na bodaboda za watu zimeokolewa, ila sehemu kubwa ya kazi ya usiku haihusu mwizi kabisa.

Jirani yangu wa chumba cha mwisho, mumewe dereva wa lori, alishikwa na uchungu saa nane na nusu usiku, mume yuko safari ya Tunduma. Nilimsikia akigonga ukuta. Nikapaza sauti juu ya uzio, "Walinzi! Walinzi jamani!" Maji niliyobandika hayajapata moto, wawili wakawa getini. Mmoja akatimua mbio kwenda kumwamsha dereva wa bajaji. Na hapa ndipo utaona thamani ya mtu anayejulikana: saa ile dereva hafungui mlango kwa sauti asiyoijua, hata ulie vipi. Alipoitwa na mlinzi alifungua, akatoka na msuli wake kiunoni. Mlinzi wa pili alibeba beseni na begi la kanga, kisha akatangulia mbele ya bajaji kwa miguu akimulika njia, kwa sababu uchochoro wetu una mtaro usiofunikwa na gurudumu likiingia pale halitoki. Tochi yake ilikuwa imefungwa na mpira wa tairi ya baiskeli ili betri zisidondoke. Alimulika hivyo hivyo mpaka Barabara ya Kilwa. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla hakujapambazuka, hospitalini, salama, mama na mtoto.

Mvua za El Niño, mwisho wa 2023, ndizo zilizonifanya niwakubali kabisa. Wanaokaa bonde la Mto Kizinga wanajua maji ya usiku yanavyokuja, hayapigi hodi. Vijana hawa walipita mlango kwa mlango wakigonga kwa rungu, wakiita watu kwa majina, "Mama Fulani toka, maji yameshafika kwenye mnazi." Waliwabeba wazee mgongoni. Mmoja alikuwa amevaa kandambili, zikachukuliwa na maji, akaendelea peku. Hakuna mwizi aliyekamatwa usiku ule, na mimi nauhesabu kuwa usiku wao bora kuliko wote.

Nyota iliyobaki imekwama kwenye mambo mawili.

La kwanza ni stakabadhi. Kuna miezi anapita mtu na daftari la kawaida, anaandika jina, anapokea elfu mbili, anaondoka. Ukimuuliza stakabadhi anasema kitabu kimeisha. Wanaoumia kwa hilo ni walinzi wenyewe, kwa sababu mwezi unaofuata watu wanagoma kutoa, na posho inakatika kwa kijana aliyekesha kihalali. Kukusanya pesa si kazi yao. Ni kazi ya ofisi, na ofisi inapaswa kubandika hesabu ukutani kila mwisho wa mwezi, imeingia ngapi, imetoka ngapi, kwa nani.

La pili ni ukali kwa vijana wadogo. Mwanangu wa kidato cha nne alisimamishwa akitoka kujisomea kwa mwenzake, akatakiwa kutoa simu na kuifungua. Nilikwenda kwa kamanda asubuhi, tukazungumza kwa heshima, akamwita aliyehusika, kijana akaomba radhi mbele yangu na mbele ya mwanangu. Nilishukuru. Lakini lisibaki la kuomba radhi tu. Raia anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa, na anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kupekua simu ya mtoto wa shule haimo humo, wala kumchapa mtu viboko pale kwenye kibanda cha walinzi. Polisi kata wetu aliwapa mafunzo baada ya hapo na mabadiliko nimeyaona. Naomba mafunzo yawe ya kila mara, kwa sababu vijana wapya wanaingia na wa zamani wanatoka.

Niseme pia habari ya kuwatambua, maana hapa mtaa wetu umefanya jambo zuri ambalo mitaa mingine inaweza kuiga kesho.

Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa tangu 1985. Desemba iliyopita kamati ya mtaa ikaamua kuitumia. Turubai moja, viti vya kukodi, pilau la mchango, mimi nilitoa vitumbua ndoo mbili. Nilienda nikidhani zitakuwa hotuba. Katibu alikuwa amefanya kazi yake: kila jina aliloita, alisoma na jambo ambalo mtu huyo alifanya, lini na wapi. "Aliwatoa watu wa nyumba ya bondeni." "Alimsindikiza mjamzito mpaka barabarani." Jirani yangu akasimama na mtoto wake begani, hakupangwa, akasema, "Huyu ndiye aliyemulikiwa njia," akamkabidhi mlinzi ampakate. Yule kijana mwenye rungu hakujua ashike wapi, shingo au mgongo. Turubai zima lilipiga vigelegele. Mama yake fundi wa kuchomelea alikaa karibu nami, akanishika mkono akaniambia muda wote ule alikuwa akidhani mwanawe anakesha vijiweni, na alikuwa akimsema vibaya kwa ndugu. Alilia palepale.

Kwa hiyo mtu asiniambie vyeti walivyopewa siku ile ni karatasi tu. Na cha zaidi, kila mmoja alipewa barua ya utambulisho yenye muhuri wa ofisi ya mtaa, ikieleza amelinda kwa muda gani na tabia yake. Kijana mmoja aliipeleka barua ile kwenye kampuni ya ulinzi, akapata ajira ya mshahara. Tumempoteza mlinzi mzuri, na nimefurahi kuliko ningempata mwingine.

Zawadi nazo nizitaje. Fulana nyeusi zenye jina la mfadhili mgongoni hazisaidii usiku. Gari linakuja halimwoni mtu. Vizibao vya rifleta ndivyo vilivyofaa, na vilipotolewa nilianza kuwaona tokea mbali wakikata kona. Tochi za kuchaji zilitolewa tatu tu, wanapokezana. Gambuti na makoti ya mvua bado, na masika yanakuja. Mwenye duka anayetaka kuwashukuru asihangaike na keki, anunue jozi moja ya gambuti namba tisa.

Jambo linaloniuma ni matibabu. Mlinzi mmoja alichanwa mkono na chupa akiamua ugomvi nje ya baa, akashonwa, na gharama tulilipa kwa kupitisha bakuli. Watu walitoa, nawashukuru, lakini je, angeumia tarehe 25, mifuko ikiwa mikavu? Nimependekeza kwenye mkutano kwamba katika kila 2,000 itengwe 200 ya matibabu, ikae kwenye akaunti yake, isiguswe kwa posho wala kwa kitu kingine. Mwenyekiti amesema itajadiliwa. Nitauliza tena kila mkutano mpaka nipate jibu.

Na wako ambao hawamo kwenye orodha kabisa. Barabara ya Kilwa imepanuka kwa ajili ya njia za mwendokasi, na mtoto wa darasa la pili akitaka kuvuka asubuhi anaona njia haina mwisho. Kuna mzee pale kituo chetu, mwuza kahawa, ambaye kila asubuhi ya shule anaacha birika lake na kusimama barabarani na kitambaa chekundu, anasimamisha magari, anawavusha watoto kwa mafungu, wakubwa wanawashika mikono wadogo. Hapati posho. Hana kizibao. Daladala zinamsimamia kwa heshima ya mvi zake tu. Kwenye sherehe ya Desemba jina lake halikuitwa kwa sababu yeye si wa usiku na hana rungu. Anawalinda watoto wetu waziwazi, mchana kweupe, na anastahili kizibao kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kwa anayehamia mtaani kwetu: lipa mchango wako kwa mjumbe, dai stakabadhi bila kuona aibu, muulize zamu ya upande wako inaongozwa na nani na uhifadhi namba yake. Kukiwa na hatari kubwa piga 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto, kisha ndiyo umpigie mlinzi, atakaa na wewe wakati unawasubiri. Ukikutana nao usiku wasalimie, jitambulishe unakaa kwa nani. Chai ya rangi kwenye chupa, ukiweza, iache kwa kamanda kabla hujalala.

Majina ya watakaotambuliwa Desemba ijayo yanapokelewa kwa wajumbe mpaka mkutano wa Novemba. La mzee wa kahawa nimeshalipeleka, na nimeomba wazazi wengine wa shule ile waweke sahihi zao chini ya yangu.